Miezi Thelathini: Mtoto wa Kakamega Kati ya Kliniki na Chekechea

 

Nimeombwa nizungumzie malezi na elimu ya watoto wadogo, na hasa namna mzazi wa kawaida anavyoweza kuyapata kwa bei anayoimudu bila mtoto wake kupewa huduma duni. Nitaanza na hesabu ndogo.

Mwaka 2013, serikali ya kaunti ikiwa bado changa, Kakamega ilianzisha mpango wa Imarisha Afya ya Mama na Mtoto. Vijijini wengi waliuita Oparanya Care, kwa jina la gavana wa wakati huo. Mama mjamzito asiye na uwezo aliandikishwa, akahudhuria kliniki, akajifungulia hospitalini mikononi mwa mhudumu aliyesomea kazi hiyo, kisha akampeleka mtoto kupata chanjo. Malipo yaligawanywa mara 6, kila mara shilingi 2,000, jumla shilingi 12,000. Awamu ya mwisho ilimkuta mtoto akiwa na miezi 18. Mwaka 2017 bunge la kaunti likaupa mpango huo nguvu ya sheria. Mimi huutaja kila ninapokwenda, kwa sababu ulionyesha kwamba kaunti inaweza kumjua mtoto mmoja mmoja, kumfuata, na kuweka pesa mkononi mwa mama yake.

Sasa nendeni upande wa pili. Mtaala wa umilisi ulioanza kutekelezwa kote nchini Januari 2019 unamwingiza mtoto PP1, darasa la kwanza la chekechea, akiwa na miaka 4, yaani miezi 48. Toeni 18. Inabaki miezi 30.

Katika miezi hiyo 30 hakuna ofisi inayomfuata mtoto huyu kwa karibu, labda augue. Malipo ya kliniki yamekwisha na shule haijamfikia. Tukizungumza juu ya elimu ya watoto wadogo tunakimbilia madarasa ya chekechea, idadi yake na mabati yake, kumbe mtoto anayeingia katika darasa hilo amekwisha kuumbwa kwa sehemu kubwa na miezi ambayo hatukuitazama. Hilo ndilo lililonileta mbele yenu leo.

Fikirini yanayotokea humo ndani. Mtoto wa miezi 18 ana maneno ya kuhesabika: mama, maji, leta, hapana. Akifika miaka minne anasimulia jinsi ng'ombe wa jirani alivyokata kamba, anauliza kwa nini mwezi unatufuata, anajua kubembeleza, na kudanganya pia. Hapo katikati amejifunza lugha nzima, iwe Lwisukha, Lwidakho, Luwanga au Kiswahili cha mjini, na hakuna aliyemfundisha sarufi. Lugha inaingia hasa kwa njia moja: mtu mzima anamwambia mtoto jambo, mtoto anajibu kwa maneno yake mabovu, mtu mzima anaendelea naye. Asiyeongeleshwa hasemi. Katika miezi hiyo hiyo ndipo anapojifunza kungoja zamu yake, kutulia baada ya kulia, kujaribu tena kitu kilichomshinda. Vilevile ndipo anapotolewa titi na kubaki na chakula cha nyumbani tu, na kwa wengine hapo ndipo kudumaa kunapojikita. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta watoto 18 kati ya kila 100 walio chini ya miaka mitano nchini wamedumaa. Mwaka 2014 walikuwa 26. Tumepiga hatua, na bado karibu mtoto mmoja kati ya watano hafikii kimo kinachostahili umri wake.

Basi yuko na nani?

Tunapenda kusema mkono mmoja haulei mwana. Ni kweli, na zamani mikono ilikuwapo. Boma lilikuwa na shangazi, lilikuwa na dada wakubwa, lilikuwa na kukhu, yaani bibi, ambaye nyumba yake ndiyo waliyolala wajukuu. Mikono hiyo imepungua kwa sababu tunazozijua sote, na nyingine kati yazo ni njema. Januari 2003 elimu ya msingi ilipofanywa bure, yule dada wa miaka tisa aliyekuwa akimbeba mdogo wake mgongoni alikwenda shule. Hakuna anayetaka kumrudisha nyumbani. Lakini hakuna pia aliyeuliza nani atachukua kazi aliyoiacha. Mashamba nayo yamegawanywa hadi kijana anarithi robo ekari isiyomlisha. Kule Mumias, Matungu na Butere miwa ilikuwa ikilipa karo na kujenga nyumba. Kampuni ya sukari ya Mumias ikayumba miaka mingi, na Septemba 2019 ikawekwa chini ya mrasimu. Wanaume wengi wakaenda Nairobi na Eldoret kutafuta kibarua, na mama aliyekuwa akilima nyumbani akaingia sokoni. Hata kukhu wa leo si yule wa hadithi. Wengi wao wana miaka hamsini na kitu, wana chama cha kuchangia, wana kuku wa kuuza, na jembe bado liko mikononi.

Nimemkuta mmoja huko Shinyalu akiwa na wajukuu watatu, mdogo kabisa akikaribia miaka miwili. Alikuwa ameketi kwenye kigoda akipukuchua mahindi, na mtoto ameketi kwenye gunia kando yake. Kila alipomaliza gunzi alimpa, naye mtoto akalipanga na mengine, akaanguka nayo, akacheka, akaanza upya. Kukhu alikuwa akimwimbia kwa Lwisukha, kisha anamtupia swali katikati ya wimbo na kungoja jibu. Nimekaa katika madarasa mengi yenye chati za rangi ukutani ambayo hayakuwa na somo zuri kama lile. Lakini saa tano ilifika, na maji yalikuwa kwenye chemchemi chini ya mteremko. Mtoto hawezi kushuka wala kupanda njia ile, na akiachwa kuna moto jikoni. Akamfungia ndani ya nyumba. Alirudi haraka awezavyo; aliporudi mtoto alikuwa amelia hadi sauti imekauka. Kukhu yule hana kosa. Ana ujuzi, ana upendo, hana mwenzake.

Mjini mambo ni mengine. Mama anayeuza mboga katika soko kuu la Kakamega, au yule anayeshukia Lubao na mzigo wake alfajiri, ana njia tatu. Aje na mtoto, amlaze chini ya meza ya nyanya, jua na vumbi vikimpiga. Amwachie jirani. Au ampeleke deikea, kwa kawaida chumba kimoja cha kukodi ambamo mama mmoja anawaangalia watoto kwa malipo ya kila siku. Chukulieni anapata shilingi 300 siku nzuri ikija. Akitozwa shilingi 50 kwa mtoto mmoja, sehemu ya sita ya mapato imekwenda kabla hajanunua unga. Akiwa na wawili, ni theluthi. Siku mbaya hampeleki mtoto, na siku hiyo mwenye deikea naye hapati kitu. Ndiyo maana anawapokea wengi kupita kiasi, ndiyo maana chumba hakina godoro la kutosha wala choo cha watoto. Nisikilizeni vizuri: wanawake hawa wanafanya kazi ambayo taifa zima limewaachia. Kuwafungia milango kwa jina la viwango, bila kuwapa chochote, ni kuwarudisha watoto chini ya meza ya nyanya.

Kuna ushahidi wa kinachotokea mzigo huu ukipunguzwa. Katika mtaa wa Korogocho, Nairobi, watafiti waliwapa baadhi ya kina mama vocha za kulipia vituo vya malezi, kisha wakawalinganisha na wenzao wasiopewa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2019. Waliopata vocha walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na kazi, na wale wanaolea peke yao waliweza kufanya kazi saa chache zaidi bila mapato kushuka. Pesa ile ya mtoto ilifika hadi kwenye mfuko wa mama. Huko huko Nairobi shirika la Kidogo limechukua njia ninayoiona ya busara: badala ya kujenga vituo vipya vya kushindana na kina mama wenye deikea mitaani, linawafunza, linawatembelea na kuwasaidia waboreshe vyumba walivyo navyo.

Mtaniuliza, je, hii ni kazi ya kaunti? Fungueni Katiba ya 2010, Ratiba ya Nne, sehemu ya pili, kifungu cha 9. Mstari mmoja unaikabidhi kaunti mambo manne: elimu ya chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini, vituo vya mafunzo ya kazi za nyumbani, na vituo vya kulelea watoto. Chekechea tumeijengea madarasa. Vyuo vya ufundi vinazinduliwa kwa utepe. Hilo la nne, vituo vya kulelea watoto, limo katika sentensi ile ile, lina uzito ule ule, na katika miaka yote tangu ugatuzi uanze 2013 sijasikia likitajwa katika mkutano wa hadhara. Miezi 30 ninayoililia ina mwenyewe kisheria. Haijadaiwa tu.

Sasa niseme kuhusu chekechea yenyewe, maana hata mtoto akifika salama tunaweza kumharibia huko. Tulipofanya shule ya msingi kuwa bure mwaka 2003, nasari ilibaki ya kulipiwa. Wazazi wasio na uwezo wakafanya hesabu ambayo mtu yeyote angeifanya: wakamweka mtoto nyumbani hadi umri wa darasa la kwanza, wakampeleka kwenye kile cha bure. Ugatuzi ulikuja kurekebisha hilo kwa sehemu. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inaitambua chekechea kuwa sehemu ya elimu ya msingi, ile ambayo Kifungu cha 53 cha Katiba kinaahidi iwe bure na ya lazima kwa kila mtoto. Ahadi ni bure. Wazazi mlio hapa mnajua mnachotoa: pesa ya uji, pesa ya mlinzi, karatasi za chooni, ufagio. Kimoja kimoja ni kidogo. Vikijumlishwa vinamrudisha mtoto nyumbani.

Nimeingia darasa la PP2 nikakuta watoto zaidi ya hamsini, wa miaka mitano, wakinakili herufi moja mstari baada ya mstari. Penseli zilikuwa fupi kuliko vidole. Chumba kilikuwa kimya kabisa, na mwalimu alijivunia ukimya ule. Nilipomuuliza sababu alinieleza wazi kwamba mzazi akifungua daftari asione maandishi atamhamisha mtoto, na kwamba shule zingine zinawafanyia usaili wanaoingia gredi ya kwanza. Sheria hiyo hiyo ya 2013 inaikataza shule ya umma kumpa mtoto mtihani wa kumkubali au kumkataa. Mwalimu aliijua sheria. Alimwogopa mzazi. Wazazi, hapa nawasemesha ninyi moja kwa moja: mtoto wa miaka mitano asiyerudi na kazi ya kuandika hajapoteza siku. Mwulizeni amecheza nini, amehesabu nini, amemsimulia nani. Na Kiingereza msikiharakishe. Sera yetu inataka mtoto wa miaka ya mwanzo afundishwe kwa lugha ya eneo lake. Anayejua vitu kwa lugha ya mama atavibandika majina ya Kiingereza baadaye. Aliyekaririshwa majina bila vitu hana pa kuyabandika.

Ubora huu hauhitaji pesa nyingi. Katika darasa jingine, si mbali na lile, mwalimu alikuwa na ndoo ya vifuniko vya soda, mbegu za maboga, na ngoma mbili ndogo. Alipiga mapigo matatu, watoto wakaleta vifuniko vitatu. Akapiga mawili, kisha mawili mengine, wakabishana kama ni vinne. Ile ni hesabu, na ni isukuti pia. Ngoma ile ya Waisukha na Waidakho iliingizwa na UNESCO mwaka 2014 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka, nasi tunaulizana tuilinde wapi. Ilindwe pale, kwenye mkeka wa PP1.

Pwani walitutangulia katika jambo hili. Katika miaka ya 1980 familia za Kiislamu Mombasa ziliona watoto wao wanakosa nafasi katika shule nzuri. Mwalimu Swafiya Said, kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan, akaanzisha chekechea ndani ya madrasa, na ya kwanza ilifunguliwa mwaka 1986. Vifaa vilitokana na vifuu, makuti, makopo na nguo kuukuu. Walimu walikuwa wasichana na kina mama wa mtaa waliofunzwa kazini na kutembelewa mara kwa mara. Mwaka 1990 mpango ukaingia Zanzibar, na 1993 Uganda. Nawaomba mtazame hapo kwenye kutembelewa. Mafunzo ya siku mbili hotelini hayajambadilisha mwalimu yeyote ninayemjua. Kinachombadilisha ni mwenzake mzoefu anayeketi naye darasani leo na kurudi mwezi ujao.

Mwalimu huyo naye anakula nini? Kabla ya ugatuzi alilipwa na wazazi, wakilipa. Kaunti zilipomchukua, wengi waliajiriwa kwa mkataba na malipo madogo, wakiwa na cheti au diploma mkononi. Mwalimu wa chekechea anayeuza mitumba jioni ili apate nauli ya asubuhi hawezi kuwa na subira ya kumsikiliza mtoto wa miaka minne. Kumwajiri kwa masharti ya kudumu ndiyo gharama kubwa kuliko zote katika haya ninayosema, na siwafichi.

Lakini turudi kwenye ile miezi 30, kwa sababu huko gharama ni ndogo na faida ni kubwa. Mwaka 1986 mjini Kingston, Jamaika, watafiti waliwachukua watoto 129 waliodumaa, wenye umri wa kati ya miezi 9 na 24. Baadhi yao walitembelewa nyumbani na mhudumu wa afya wa mtaani, saa moja kwa juma, kwa miaka 2. Mhudumu alikuja na vitu vya kuchezea vilivyotengenezwa nyumbani, akacheza na mtoto, na zaidi ya yote akamwonyesha mama namna ya kucheza na kuzungumza naye. Hakuna jengo lililojengwa. Miaka 20 baadaye, waliotembelewa wakiwa watu wazima walikuwa wakipata mshahara uliozidi wa wenzao kwa takriban asilimia 25. Na sisi tunao wahudumu hao. Tangu Septemba 2023 Kenya ina wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 wenye mikoba na posho, wanaopita boma kwa boma. Wanapima homa, wanauliza vyandarua. Waongezewe swali moja na mchezo mmoja. Wao ndio wangegundua mapema mtoto asiyegeuka akiitwa, kabla hajafika PP1 na kuitwa mjinga kumbe hasikii.

Rwanda nayo imetumia nyumba za watu. Familia za jirani zinakubaliana, watoto wanakusanyika kwa mmoja wao, wazazi waliopewa mafunzo wanashika zamu, uji unapikwa pamoja. Kwetu nyumba hiyo ipo tayari, ni ya kukhu. Niwafanyie hesabu ya mfano, ya kwangu mwenyewe, mniulize mkiona imekosewa. Watoto 8 kutoka maboma ya karibu wakusanyike kwa kukhu mmoja, asaidiwe na binti aliyefunzwa. Tuseme posho ya wote wawili ni shilingi 6,000 kwa mwezi, ambayo ni ndogo, nakubali, na ingefaa ipande. Mzazi atoe shilingi 10 kwa siku, siku 22 za mwezi, yaani 220. Watoto 8 wataleta 1,760. Kaunti ijazie 4,240, ambayo ni shilingi 530 kwa kila mtoto. Kwa miezi yote 30 ni shilingi 15,900. Wekeni kando ya zile 12,000 ambazo kaunti hii ilikwisha kuahidi kumlipa mama kwa kila mtoto. Si mlima. Kukhu yule wa Shinyalu angekuwa na mtu wa kubaki na watoto akienda chemchemini, na mama mzazi angekwenda sokoni bila mtoto mgongoni.

Kuhusu uji sitasema mengi. Wimbi linakua hapa. Nairobi tangu mwaka 2023 ina mpango wa Dishi na County, ambapo mzazi anachangia shilingi 5 kwa sahani na watoto wa chekechea wamo. Sioni sababu ya mtoto wa jiji lisilolima kula kabla ya mtoto wa kaunti inayolima.

Kilichobaki ni kalenda, na nawaomba muiandike. Sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya 2012 inaitaka kaunti iwasilishe mpango wa maendeleo wa mwaka bungeni kufikia tarehe 1 Septemba, waraka wa mkakati wa fedha kufikia 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili. Kabla ya hapo lazima wananchi wasikilizwe. Kakamega ina wadi 60. Mkutano wa wadi yenu ukitangazwa, msiwaache wanaume wa barabara na taa wakauteka. Nendeni na watoto mgongoni. Ombeni ukurasa wa elimu ya chekechea, mtafute mstari wa vituo vya kulelea watoto, na kama haupo, msitoke kabla ombi lenu halijaandikwa kwenye kumbukumbu za mkutano, likiwa na jina la wadi na idadi ya watoto wenu walio kati ya mwaka mmoja na nusu na minne. Idadi hiyo mhudumu wa afya wa kijiji chenu anayo daftarini.